Mwamba wa Sukulu, Taka za Nyuklia na Swali la Nani Anamlipia Mtafiti

Gombolola ya Mella, wilayani Tororo, iko ukingoni kabisa mwa Uganda. Waiteso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na jirani tu iko Malaba, ambako malori ya kutoka Mombasa hupanga foleni usiku na mchana. Upande wa Tororo mjini umesimama Mwamba wa Tororo, na kusini mwa mji kuna vilima vya Sukulu. Wajiolojia wamevijua vilima hivyo tangu enzi za ukoloni kwa sababu ya fosfeti yake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni tani milioni 230 za udongo wenye fosfeti ya asilimia 13 hivi. Wakulima wanavijua kwa mbolea. Lipo kundi jingine, dogo na karibu lote likiwa mbali na Afrika Mashariki, ambalo lina sababu yake ya kuvitazama: wanakemia wanaotafuta vitu vya kufungia taka za nyuklia.

Sukulu kuna apataiti, ambayo ndiyo yenye fosfeti hiyo, na piroklori. Hayo ni madini ambayo maabara za Australia, Uingereza, Marekani na Ufaransa zimekuwa zikiyatengeneza kwenye tanuri kwa miongo kadhaa, yakichanganywa viungo kwa vipimo, ili yashike strontiamu, urani na plutoniamu bila kuachia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wanafunzi wa shahada ya uzamivu waliolipiwa ada na posho. Na sasa Uganda inapanga mtambo wa nyuklia Buyende, Kenya inautazama mwambao wa Ziwa Viktoria huko Siaya, na Tanzania imeingia kwenye majaribio ya kusindika urani Namtumbo. Je, nani atamlipia kijana wa Tororo au wa Busia asome uzamivu katika fani hii? Na huyo atakayelipa, atamtaka ajibu swali la nani? Mimi naamini maswali hayo mawili ni mamoja. Utafiti huenda ulikotoka mfuko, na kama mfuko wetu utabaki mtupu, tutakuwa na madaktari wa falsafa waliobobea katika taka za watu wengine.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani kutunza taka za nyuklia ni kuchimba shimo refu na kufukia. Shimo ni hatua ya mwisho. Kabla yake lazima taka igeuzwe kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka, kwa kuwa adui mkubwa wa taka iliyofukiwa ni maji. Kila elementi ina tabia yake. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na huyeyuka majini kama chumvi. Strontiamu-90 huchukua miaka 29, nayo hufanana na kalsiamu kiasi kwamba mwili huipeleka kwenye mifupa. Radiamu-226, miaka 1,600. Plutoniamu-239, miaka 24,100. Kitu kinachofaa kufungia kimoja kinaweza kisifae kingine kabisa, na hapo ndipo penye kazi ya mtafiti wa vifaa.

Taka kali zinazotokana na kusindika upya fueli iliyotumika, kama zile za La Hague huko Ufaransa, huyeyushwa pamoja na kioo chenye boroni na kumiminwa kwenye makopo ya chuma. Taka za kiwango cha chini na cha kati huchanganywa na saruji ndani ya mapipa. Maji yenye sesiamu hupitishwa kwenye zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo ambavyo sesiamu huingia na kunaswa. Kule Sellafield, Uingereza, mtambo wa kusafisha maji ulioanza kazi mwaka 1985 umetegemea zeolaiti ya asili iliyochimbwa California. Baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, zeolaiti ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutumika kusafisha maji yaliyopoza vinu. Na mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Ringwood wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alikuja na wazo lililowashangaza wengi: badala ya kioo, tutengeneze mwamba. Aliuita Synroc, mwamba wa kubuni wenye madini ya titani, na hoja yake ilikuwa nyepesi. Yapo madini ya asili ambayo yameshika urani na thoriamu kwa mamilioni ya miaka katika mvua, joto na matetemeko. Tuyaige hayo.

Hoja hiyo ndiyo inayoifanya Tororo iwe na neno la kusema. Vilima vya Sukulu na Mwamba wa Tororo ni mabaki ya volkeno za kale zenye mwamba adimu uitwao kabonataiti, ambao asili yake ni kabonati iliyoyeyuka na kupanda kutoka chini ya ardhi. Afrika Mashariki imejaliwa miamba hii kuliko sehemu nyingi za dunia. Upo Mlima Mrima huko Kwale, pwani ya Kenya, wenye niobiamu, madini adimu na thoriamu ya kutosha kuifanya mionzi ya asili pale iwe juu kuliko kawaida. Upo Panda Hill karibu na Mbeya, ambao niobiamu yake imo ndani ya piroklori. Mwaka 1959 wanasayansi walieleza aina ya piroklori yenye bariamu iliyotoka pale na kuipa jina pandaiti, kwa heshima ya mlima huo.

Hiyo pandaiti inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilianza kama piroklori ya kawaida yenye kalsiamu na sodiamu. Maji ya mvua yalipopenya mwambani kwa muda mrefu, kalsiamu na sodiamu vilitoka na bariamu ikaingia mahali pake. Kiunzi cha niobiamu hakikubomoka. Wachunguzi wa piroklori za asili kutoka nchi mbalimbali, hasa Gregory Lumpkin na Rodney Ewing, walionyesha kwamba hata pale mabadiliko kama hayo yanapotokea, na hata pale mionzi ya ndani inapokuwa imeharibu mpangilio wa fuwele, urani na thoriamu kwa kawaida hubaki humo humo. Ni jaribio ambalo hakuna maabara inayoweza kulifanya, kwa kuwa hakuna ufadhili wa miaka milioni 100. Mrima na Panda Hill vimekwisha kulifanya.

Apataiti nayo ina ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni wa Kiafrika. Mwaka 1972 Wafaransa waliokuwa wakipima urani ya Oklo, nchini Gabon, waligundua kwamba miaka bilioni mbili hivi iliyopita mwamba ule uliwahi kuwaka wenyewe kama kinu cha nyuklia. Katika baadhi ya kanda zake, chembe za apataiti zilionekana kuwa zilishika plutoniamu iliyozaliwa pale, zikakaa nayo hadi ikaisha. Apataiti ndiyo madini ya mifupa na meno yetu. Sababu inayofanya strontiamu iwe hatari mwilini, yaani kujifanya kalsiamu na kuingia mfupani, ndiyo inayoifanya apataiti iwe mtego mzuri wa strontiamu ardhini. Kule Hanford, jimbo la Washington, Wamarekani waliingiza kemikali za fosfeti ardhini kando ya Mto Columbia ili apataiti ijijenge pale chini na kuizuia strontiamu-90 isifike mtoni. Kemikali hizo zilinunuliwa. Sukulu ina mamilioni ya tani za udongo wenye apataiti.

Hapa inabidi niseme jambo wazi, kwa sababu litaulizwa na lina haki ya kuulizwa: je, tukitangaza kwamba mwamba wetu unashika taka za nyuklia, hatutawaalika watu watuletee taka zao? Hofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 1988 mapipa ya taka zenye sumu kutoka Italia yaligunduliwa katika mji mdogo wa Koko, Nigeria, na hasira iliyofuata ndiyo iliyochangia Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, unaopiga marufuku kuingiza Afrika taka hatari, za mionzi zikiwemo. Jibu langu ni kwamba kifaa na kaburi ni vitu viwili mbalimbali. Finland imechonga handaki la Onkalo kwenye mwamba wake wa kale, lakini udongo wa bentonaiti wa kuzungushia makopo si lazima utoke Finland. Vilima vya Sukulu vimezungukwa na vijiji na mashamba, mvua inanyesha sana, mwamba umeoza hadi chini. Hapafai kufukia chochote. Panafaa kuchukuliwa gunia la udongo, likapelekwa maabara, likaeleza apataiti yake inashika nini na kwa kiasi gani. Mtafiti wa hapa ndiye atakayeweza kuwaeleza watu wa hapa tofauti hiyo kwa lugha yao, na kuwakatalia wakubwa wakijaribu kuichanganya.

Sasa, taka zetu ni zipi? Ukisoma matangazo ya nafasi za uzamivu za Ulaya, utakuta nyingi zinahusu kioo cha taka kali, matope ya mabwawa ya zamani, plutoniamu iliyorundikana. Sisi hatuna hayo. Tunavyo vitu vidogo vingi vilivyotawanyika. Hospitali zina kobalti na vyanzo vingine vya kutibu saratani. Viwanda vya saruji, bia na karatasi vina vipimio vya mionzi. Wajenzi wa barabara wana vipima-unyevu vyenye sesiamu na amerisiamu. Kila kimoja kina siku yake ya kuzeeka. Mashine ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipoharibika mwaka 2016, taifa zima liliomboleza wagonjwa waliobaki bila tiba, na ndivyo ilivyostahili. Ila chanzo kilichozeeka nacho huwa na maisha yake baada ya mashine kufa, na habari zake hazifiki magazetini.

Na mpakani pana njia ambayo chanzo kama hicho kinaweza kupitia: biashara ya vyuma chakavu. Kuanzia Mella hadi Busia utawaona vijana na mizani zao, wakinunua kwa kilo chochote kilicho kizito. Kifuniko cha chanzo cha mionzi hutengenezwa kwa risasi au chuma kizito, yaani kile kile kinacholipa vizuri kwenye mizani. Huko Goiânia, Brazil, Septemba 1987, watu wawili walibeba mashine iliyotelekezwa kwenye zahanati wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 100,000 walilazimika kupimwa. Taka zilizotokana na kusafisha mji, maelfu ya mita za ujazo, zilitoka kwenye unga usiojaa kikombe. Huko Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, ilikuwa kobalti, na watu 3 walikufa. Hakuna mtambo wa umeme uliohusika katika visa hivi viwili.

Kwa hiyo swali la kwanza la uzamivu kwa Afrika Mashariki ni hili: saruji gani, iliyochanganywa na nini, itashika sesiamu iliyozeeka kwa miaka 300, muda ambao inakuwa imepungua mara kumi kwa nusu? Saruji tupu huishika strontiamu vizuri kiasi, lakini sesiamu huichuruza. Ukiongeza zeolaiti au udongo fulani wa mfinyanzi, inatulia. Tororo imetengeneza saruji tangu miaka ya 1950, na watu wake wanajua mambo ambayo hayamo vitabuni, kwa mfano kwamba chokaa ya kabonataiti ya pale ina fosfeti inayoharibu saruji isipoangaliwa. Zeolaiti za asili ziko kwenye majivu ya volkeno ya Bonde la Ufa. Mjiolojia Richard Hay alizieleza kwa kina alipochunguza Olduvai. Baadhi ya zeolaiti hizo, kama erionaiti, zenyewe husababisha saratani zikivutwa na pumzi, kwa hiyo hata kuchagua kunahitaji ujuzi.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba kazi hii haihitaji chumba chenye kuta za risasi. Mtafiti anachukua sesiamu ya kawaida isiyo na mionzi, ambayo kikemia ni ile ile. Anaiyeyusha majini, anakandia saruji, anaongeza zeolaiti asilimia 5, 10, 20. Anamimina kwenye vibomba vya plastiki vyenye upana wa vidole viwili, anavifunika visikauke, anasubiri siku 28. Kisha anatoa vipande vyake, anavitumbukiza kwenye maji safi, na kuyabadilisha maji kwa ratiba: baada ya saa kadhaa, siku moja, siku mbili, wiki, miezi. Kila chupa ya maji inapimwa imebeba sesiamu kiasi gani. Mchoro unaotokea unasema saruji imeshika au imeachia. Strontiamu vilevile, na kwa plutoniamu hutumika siriamu kama mbadala wa kuanzia. Vipande vichache vya mwisho tu ndivyo vitakavyohitaji kusafirishwa hadi maabara yenye leseni ya kugusa mionzi halisi.

Mahali pa kuifanyia papo. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina makao yake wilayani Busia kando ya barabara ya Jinja–Tororo, na kampasi ya sayansi iko Nagongera, ndani ya wilaya ya Tororo. Ng'ambo ya mpaka kuna Alupe, na mbele kidogo Maseno na Masinde Muliro. Nairobi kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya chuo kikuu. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania yenye ghala kuu la taka za mionzi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutembelewa, mwaka 2009, na karakana ya kuhamishika iliyobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya kufungia vyanzo vikali vilivyozeeka. Afrika Kusini pia ndiko lilikokuzwa wazo la kutupa vyanzo hivyo kwenye kisima chembamba kirefu badala ya handaki la mabilioni. Maana yake ni kwamba ujuzi unaotufaa umekwisha kuzaliwa barani humu, kwa kiwango cha taka zetu.

Kinachokosekana ni mfuko. Ukitazama waliopo, picha inaeleweka. Uingereza ina vituo vya mafunzo ya uzamivu vya nyuklia vinavyofadhiliwa na serikali pamoja na viwanda, na ni vizuri sana. Lakini nafasi za kigeni ni chache, na pale ambapo mwanafunzi anatakiwa kuingia maeneo yenye ulinzi, uraia huwa kikwazo. Hata aliyepata nafasi atapewa tatizo la Sellafield, kwa sababu Sellafield ndiyo inayochangia fedha. Sina lawama na hilo. Taka zao wanazilipia wao. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) lina ufadhili wa uzamivu wa mwanafunzi kusoma kwao huku akienda nje kwa vipindi, na tangu mwaka 2020 lina mpango wa Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wa shahada ya uzamili. Mipango hii imesaidia wengi wa kwetu, ingawa nafasi husambaa dunia nzima.

Kundi la tatu ni wauzaji wa vinu. Urusi, China na Korea Kusini hutoa masomo kwa vijana wa nchi zinazofikiria kununua, na Wakenya, Waganda na Watanzania wamenufaika nayo. Muuzaji anayekufundisha kuendesha mtambo wake anakufanyia hisani ya kweli na anajifanyia biashara ya kweli. Lakini sijaona sababu ya kutarajia kwamba atalipia miaka minne ya kijana anayechunguza kama fueli yake iliyotumika itatunzwa vipi mwaka 2090. Swali hilo linamwongezea bei.

Mfano wa ufadhili uliozaa matunda bila kuteka maswali upo, nao tumeuona hapa. Mpango wa Sayansi wa Kimataifa wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ulioanza mwaka 1961, umesaidia fizikia na kemia katika vyuo vyetu kwa miongo mingi. Siri yake ilikuwa kulipia kikundi cha utafiti kilichopo nyumbani, kwa muda mrefu, mwanafunzi akienda Uswidi kutumia mashine na kurudi. Mtandao wa sayansi ya vifaa na nishati ya jua wa Afrika Mashariki na Kusini ulikua kwa njia hiyo. Mfuko wa ufadhili wa kikanda wa PASET, unaoendeshwa na taasisi ya icipe ya Nairobi, nao una eneo la madini na uhandisi wa vifaa, na serikali za Kiafrika zenyewe huchangia. Taka za mionzi zingeingia humo bila kubadilisha kanuni hata moja. Linalotakiwa ni mwalimu wa kuandika ombi, na mwalimu huyo hawezi kuwapo kama hakuna aliyewahi kusomea jambo hili. Ni mduara, na lazima mtu aukate kwa kulipia wanafunzi wawili watatu wa kwanza.

Nani? Kanuni ya mwenye uchafu kulipa inajibu. Uswidi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoza kila yuniti ya umeme wa nyuklia kiasi kinachoingia mfuko wa taka, na mfuko huo umelipia utafiti wa makopo ya shaba na udongo wa bentonaiti. Marekani ilianza kutoza sehemu ya kumi ya senti kwa yuniti chini ya sheria ya mwaka 1982. Fedha zilipatikana nyingi, siasa zikakwamisha Yucca Mountain, mahali palipochaguliwa kufukia, na mwaka 2014 tozo ikasimamishwa. Kwa hiyo tozo peke yake haitoshi, lakini bila tozo hakuna kitu. Sisi hatuna umeme wa nyuklia wa kutoza. Tuna leseni. Kila chanzo cha mionzi kinachoingia Uganda hupitia Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008; Kenya ina mamlaka yake chini ya sheria ya mwaka 2019; Tanzania ina tume. Ada ndogo ya mazishi, inayolipwa chanzo kikiwa kipya na mwenye nacho akiwa bado na fedha, ingeweza kulipia ghala na wanafunzi kwa pamoja. Kiwanda kinachonunua kipimio cha mionzi hakitafilisika kwa ada hiyo. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, linaweza kuwa mshika mfuko, ili mwanafunzi wa Busitema asimamiwe pia na mwalimu wa Arusha au Nairobi.

Nimesikia pingamizi kwamba huko Mella mama anatembea mbali kutafuta zahanati, na kwamba shilingi ya utafiti wa nyuklia ni shilingi iliyonyang'anywa dawa. Nalichukulia kwa uzito. Ningelikubali kama ningekuwa naomba fedha za wizara ya afya. Ada ya chanzo cha mionzi ni ya mwenye chanzo, haikuwahi kuwa ya zahanati. Halafu walio karibu zaidi na hatari ya chanzo kilichopotea ni hao hao wa vyuma chakavu na watoto wao. Waliokufa Goiânia hawakuwa wanasayansi. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka sita.

Tena yapo mabaki ambayo hayangoji mtambo wowote. Mbolea ikitengenezwa kwa kuchanganya mwamba wa fosfeti na tindikali ya salfa hadi kupata tindikali ya fosfori, sehemu kubwa ya urani iliyomo huhamia kwenye tindikali, na sehemu kubwa ya radiamu hubaki kwenye jasi nyeupe inayorundikwa nje. Fosfeti ya volkeno kwa kawaida ina urani kidogo kuliko ile ya mashapo ya bahari kama ya Morocco au Florida, lakini kabonataiti huwa na thoriamu yake. Tangu kiwanda cha mbolea cha Sukulu kilipozinduliwa Oktoba 2018, swali la mabaki ya namna hii ni la gombolola ya Osukuru na majirani zake, Mella wakiwemo. Kupima, kuchapisha na kubuni namna ya kuyatumia au kuyafunga ni uzamivu kamili. Namtumbo nako, mchanga utakaobaki baada ya kukamua urani utakuwa na radiamu karibu yote iliyokuwamo.

Na kama kuna anayedhani mabaki ya mgodi ni jambo dogo, afuate habari za Shinkolobwe. Urani ya mgodi ule wa Katanga, Kongo, iliyokuwa tajiri kiasi ambacho dunia haikuwa imewahi kuona, ilisafirishwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kutengeneza mabomu ya kwanza. Radiamu ilibaki kwenye matope. Sehemu ya matope hayo ilikaa kwenye maghala mawili ya zege huko Fernald, Ohio, kwa zaidi ya miaka 50, hadi yalipotolewa katikati ya miaka ya 2000, yakachanganywa na saruji na majivu ya makaa, yakapelekwa Texas. Sehemu nyingine imefunikwa hadi leo huko Lewiston, karibu na maporomoko ya Niagara. Wamarekani walilipia wahandisi, wanakemia na madereva wa malori kwa ajili ya matope ya Kongo yaliyoko kwao. Watu wanaoishi kando ya Shinkolobwe yenyewe hawakupata kazi ya namna hiyo, wala watafiti wa kuifanya.

Ndiyo maana muda una uzito hapa. Mwaka 2023 serikali ya Uganda ilitangaza mpango wa megawati 2,000 Buyende, 1,000 za kwanza zikitarajiwa mwaka 2031. Tarehe za vinu huteleza, na hii huenda ikateleza pia. Mtambo wa megawati 1,000 hutoa tani 20 hadi 30 za fueli iliyotumika kila mwaka. Bangladesh, iliyonunua mtambo wa Rooppur kutoka Urusi, ilitia saini mwaka 2017 makubaliano ya fueli hiyo kurudishwa Urusi. Uganda ikipata makubaliano kama hayo, fueli itahitaji njia ya kufika baharini, na njia fupi inapita Malaba au Busia kuelekea Mombasa. Isipopata, fueli itakaa Buyende kwa miongo. Kwa vyovyote, Mella iko ndani ya habari hii, na mkataba wa kununua kinu ndio mahali pa kuandika kwamba mnunuzi na muuzaji watachangia mfuko wa utafiti wa taka kuanzia siku ya kutia saini, kwa kiasi kilichotajwa, kwa vyuo vilivyotajwa, na matokeo yakiwa mali ya umma. Baada ya saini, kipengele kama hicho hakiongezeki. Uzamivu mmoja huchukua miaka minne, na kumfikisha msomi kiwango cha kusimamia wengine huchukua mingine kama sita. Anayetakiwa kukagua pipa la kwanza la Buyende mwanzoni mwa miaka ya 2030 anapaswa kuwa Nagongera sasa hivi, akipima gunia la kwanza la udongo wa Sukulu.